Maji Yanapokupwa Saa Isiyo Yake

Kati ya uwanda wa juu wa Rondo na bonde la Mbwemkuru kuna kilima kiitwacho Tendaguru. Watu wa Lindi wanakijua kwa sababu ya yule mjusi mkubwa, dinosaria, ambaye Wajerumani walimchimba pale kati ya mwaka 1909 na 1913. Mifupa yake ilibebwa na wapagazi mpaka bandari ya Lindi, ikapakiwa melini, na leo imesimama katika jumba la makumbusho la Berlin. Habari za mjusi tumezisikia sana. Habari za udongo uliomfunika hazijulikani na wengi. Mwaka 2004 wanajiolojia wawili, Robert Bussert na Martin Aberhan, walichapisha utafiti kuhusu matabaka ya mawe ya Tendaguru. Walieleza kwamba baadhi ya matabaka hayo yaliachwa na dhoruba, na kwamba tabaka moja la mchanga uliochanganyika na kokoto linaelekea kuwa liliachwa na tsunami, zama zile ufuo wa bahari ulipokuwa hukohuko, yapata miaka milioni 150 iliyopita.

Mwaka uleule, kabla haujaisha, tsunami ilifika tena pwani yetu.

Nimeanza na mwamba wa bara kwa makusudi. Rondo iko kilometa 60 hivi kutoka mji wa Lindi, na sehemu zake za juu zinakaribia mita 900 kutoka usawa wa bahari. Hakuna wimbi litakalofika vijiji vyake, Mnara wala Chiponda. Kwa hiyo mtu wa Rondo akisikia habari za tsunami huzipokea kuwa ni za wenzake wa pwani, za wavuvi na wauza dagaa. Naamini hatari yake inaanzia hapo, kwa sababu mtu wa Rondo hushuka. Hushuka kupeleka mgonjwa Hospitali ya Sokoine, hushuka kusoma, kuuza korosho, kutafuta kibarua, kumsalimia shangazi aliyeolewa Mchinga. Sikukuu ikifika, vijana hujaa garini kwenda kuiona bahari. Akishafika ufukweni, anasimama mbele ya kitu ambacho mwenyeji wake amejifunza kukisoma tangu utotoni, na yeye hajafundishwa hata herufi yake ya kwanza. Kitu hicho ni saa ya maji.

Tarehe 26 Desemba 2004 ilikuwa Jumapili. Saa kumi alfajiri kasoro dakika mbili kwa saa zetu, sakafu ya bahari ilipasuka magharibi ya kisiwa cha Sumatra, Indonesia. Mpasuko ulikimbia kuelekea kaskazini kwa zaidi ya kilometa 1,200, na tetemeko lilipimwa kuwa na ukubwa wa 9.1. Maji yote yaliyokuwa juu ya mpasuko yaliinuliwa kwa mara moja, kuanzia sakafuni hadi juu. Hapo ndipo tsunami inapoachana na mawimbi tuliyoyazoea. Wimbi la kusi husukumwa na upepo na husumbua uso wa bahari tu. Mzamiaji akishuka chini vya kutosha halisikii tena. Tsunami ni bahari nzima inayosukumwa, ni beseni la maji lililogongwa upande mmoja, na mgongo huo wa maji hausimami mpaka ufike ukingo wa pili.

Kasi yake hutegemea kina. Penye kina cha mita 4,000 hukimbia kilometa 700 kwa saa, na nahodha aliye juu yake huenda asijue kwamba imempita, kwa kuwa huko imeinuka kidogo tu na imetandaa kwa urefu wa mamia ya kilometa. Ikifika kwenye kina cha mita 10 kasi imeshuka mpaka kilometa 36 hivi kwa saa. Maji ya nyuma huyawahi ya mbele, huyapanda, na lile tuta dogo la kilindini hugeuka ukuta. Kilometa 36 kwa saa bado ni nyingi kuliko miguu ya mtu yeyote anayekimbia mchangani.

Siku ile zaidi ya watu 220,000 walikufa kuzunguka Bahari ya Hindi. Upande wetu wa Afrika, Somalia iliumia kuliko wote: takriban watu 300 walipoteza maisha, wengi katika eneo la Hafun, ambako makazi yalikuwa kwenye ardhi ya chini. Kenya alikufa mtu mmoja. Tanzania walikufa watu wasiopungua 10, wengi wao wakiwa wanaogelea.

Tulisalimika kwa kiasi kile kwa sababu tatu, na ni vizuri kuzijua moja moja, kwa maana hakuna hata moja iliyoahidiwa kurudi. Nguvu kubwa ya tsunami huelekea pande mbili zinazoukabili mpasuko wake. Ule wa 2004 ulinyooka kusini hadi kaskazini, basi nguvu yake ilitupwa magharibi, Sri Lanka, Maldivi na Somalia. Sisi tulipata pembe. Sehemu ya kusini zaidi ya ukingo huohuo wa Sumatra, mbele ya mji wa Padang, haikupasuka siku ile. Ikipasuka kwa ukubwa kama ule, njia ya nguvu itahamia kusini. Sababu ya pili ni visiwa vya Shelisheli na miinuko ya chini ya bahari inayovizunguka, ambayo ilitawanya sehemu ya mawimbi kabla hayajatufikia.

Sababu ya tatu bibi yeyote wa Songo Songo anaweza kuithibitisha bila kitabu. Tarehe 26 Desemba 2004 mwezi ulikuwa mpevu, na mwezi mpevu ni bamvua. Katika pwani yetu, siku za bamvua maji hujaa karibu saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hukauka karibu saa nne asubuhi na saa nne usiku. Tsunami ilitufikia mchana, takriban saa saba, baada ya safari ya saa nane hadi tisa. Maji yalikuwa yametoka kukauka asubuhi na bado yalikuwa njiani kupanda. Kama mawimbi ya kwanza yangechelewa saa tatu tu, yangepanda juu ya bamvua iliyokwisha kujaa hadi kwenye mizizi ya minazi.

Saa nane hadi tisa! Narudia muda huo kwa sababu unaniuma. Mtu anaweza kutembea kwa miguu kutoka ufukwe wa Lindi, akapanda mlima ulio nyuma ya mji, akateremka, akapanda tena, na kuirudia safari hiyo mara nyingi kabla ya wimbi kufika. Waliokufa Dar es Salaam hawakukosa muda. Walikosa habari. Asubuhi ile redio za dunia zilikuwa zikitangaza maafa ya Indonesia, Thailand na Sri Lanka, na huku watoto wetu walikuwa wakivua mashati wakiingia majini, siku moja baada ya Krismasi. Mombasa, polisi waliwaondoa watu ufukweni kabla mawimbi hayajafika, na hiyo ni sehemu ya sababu Kenya ilizika mtu mmoja tu.

Kuna wanaosema kwamba tsunami si ya kwetu, kwamba ile ilikuwa ya mara moja. Pangani inawajibu. Katika eneo la ghuba ya Pangani, mkoani Tanga, watafiti walichimba mabaki ya kijiji cha wavuvi cha karibu miaka 1,000 iliyopita. Miongoni mwao walikuwa Vittorio Maselli, Davide Oppo na mwanaakiolojia wetu Elinaza Mjema wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ndani ya tabaka la mchanga walikuta vigae vya vyungu, shanga, na mifupa ya watu iliyotapakaa, bila dalili ya kaburi. Hawa watu hawakuzikwa na ndugu zao. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020, na maelezo yaliyolingana na ushahidi wote yalikuwa tsunami iliyovuka bahari nzima. Kijiji kile kilikaa mahali ambapo sisi watu wa pwani tunapapenda mpaka leo: penye mdomo wa mto, maji ya chumvi upande mmoja na maji baridi upande wa pili.

Nakuomba msomaji uutazame mdomo wa Lukuledi kwa jicho hilo. Ghuba ya Lindi ni pana mlangoni, kisha inabana kuelekea ndani, mpaka maeneo ya Mingoyo ambako barabara za Masasi na Mtwara zinaachana. Ghuba inayobana hukusanya maji na kuyapandisha. Mto nao ni njia wazi: tsunami huingia mtoni na kupanda juu kinyume cha mkondo, kilometa kadhaa, ikawakuta watu wasioiona bahari kabisa. Kwa hiyo mtu wa Mingoyo asijihesabu wa bara. Hesabu ni ya mwinuko, si ya umbali wa macho kutoka ufukweni.

Sasa nirudi kwenye saa ya maji.

Wanawake wanaokwenda kuchokoa pweza kwenye miamba ya Kilwa hawahitaji kalenda ya ukutani. Wanautazama mwezi. Wanajua kwamba kila siku maji huchelewa dakika 50 hivi; wanajua kwamba wiki moja baada ya bamvua yanakuja maji mafu, yasiyotoka mbali wala kuingia sana, na saa zake zimegeuka. Mama anayeshuka mwambani na mchokoo wake anajua maji yatatoka mpaka wapi, na anajua dakika ya kugeuka nyuma kabla hayajamzunguka. Ujuzi huu umelisha nyumba nyingi. Mimi nasema pia ni kipimo cha kwanza cha tsunami tulicho nacho, kilichotapakaa katika kila kijiji kuanzia Somanga hadi Sudi, na hakihitaji umeme.

Maana mara nyingi, ingawa si kila mara, bahari hutangulia kuondoka. Hupwa kwa saa isiyo yake, kwa kasi isiyo yake, na hupita mahali ambapo hata bamvua kali haifiki. Mwamba ambao haujawahi kuonekana unatokeza. Samaki wanabaki wakirukaruka kwenye matope. Mtu asiyejua anaona riziki, anachukua kapu na kuwaita wenzake. Anayejua saa ya maji anaona kosa, kwa kuwa amebeba kichwani mahali maji yanapopaswa kuwa saa hiyo. Tofauti ya watu hao wawili ni dakika chache, kwa kawaida chini ya nusu saa, nazo ndizo za kukimbia.

Akikimbia lazima apige kelele. Hapo kijana wa Rondo aliyekuja kuogelea atauliza kuna nini, na jibu liwe fupi: panda juu kwanza. Ndiyo maana naandika kwamba somo la kupwa na kujaa lisiachwe kwa watoto wa pwani peke yao. Shule za Rondo zinafundisha jiografia kama shule zote. Mwalimu anaweza kutumia kipindi kimoja kueleza bamvua na maji mafu, na akaongeza kwamba bahari ikikauka ghafla, au ikijaa ghafla bila upepo, au ukisikia mngurumo mkubwa unaotoka majini, unaacha viatu vyako na kukimbilia kilimani. Nimetaja kujaa ghafla kwa sababu safari nyingine wimbi huja bila maji kutangulia kuondoka. Anayesubiri kuona mchanga mkavu ndipo aamini anaweza kusubiri ishara isiyokuja.

Wapo watu ambao maarifa ya namna hii yaliwaokoa karibu wote. Kisiwa cha Simeulue kipo jirani kabisa na mahali mpasuko wa 2004 ulipoanzia. Wimbi liliwafikia ndani ya dakika kumi hivi, muda ambao hakuna redio wala mtambo ungewahi. Kisiwa kilikuwa na watu zaidi ya 70,000, na waliokufa walikuwa 7. Mwaka 1907 tsunami iliwaua babu zao wengi, nao walionusurika waliwasimulia watoto, watoto wakawasimulia wajukuu: ardhi ikitikisika sana na bahari ikiondoka, usiulize, nenda mlimani. Ilisimuliwa kwa nyimbo za kubembeleza watoto na kwa mazungumzo ya jioni, kwa karibu miaka 100, mpaka siku ilipohitajika. Sisi tulioko mbali tulipewa saa nane, na tulipoteza watu 10. Wao walipewa dakika kumi.

Baada ya maafa yale, mataifa yanayozunguka Bahari ya Hindi yalijenga mfumo wa tahadhari chini ya Tume ya Bahari ya UNESCO. Tangu mwaka 2011 vituo vya Australia, India na Indonesia hupima matetemeko na kina cha maji usiku na mchana na kupeleka taarifa kwa kila nchi. Kwetu zinapokelewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA. Tarehe 11 Aprili 2012 mfumo ulijaribiwa kwa tetemeko la kweli: lilipiga saa tano na dakika 38 asubuhi kwa saa zetu, tena upande wa Sumatra, ukubwa wake 8.6. Tahadhari ilitolewa kwa nchi zote za Bahari ya Hindi, Tanzania na Kenya zikiwemo. Wimbi kubwa halikuja, kwa sababu safari ile miamba iliteleza ubavuni badala ya kuinuka. Walikuwepo waliochukia kwamba wamesumbuliwa bure. Mimi ningependa tusumbuliwe hivyo mara kumi. Kupanda kilima na kushuka jioni ukiwa mzima si hasara.

Kiungo kinachonitia wasiwasi ni cha mwisho. Taarifa inaweza kutoka Jakarta hadi TMA kwa dakika chache, ikafika ofisi ya mkoa, ikafika wilayani, kisha ikalala kwenye simu iliyoishiwa chaji. Kutoka hapo mpaka kwa mama aliyeko mwambani Kilwa Kivinje, aliyeacha simu nyumbani ili isilowe, hakuna satelaiti inayofika. Kuna spika ya msikiti, kengele ya kanisa, ngoma, bodaboda anayepita ufukweni akipiga honi, viongozi wa vikundi vya usimamizi wa fukwe (BMU) wanaojua nani ametoka na ngalawa gani. La mgambo likilia kuna jambo, walisema wazee, na lilikuwa likilia kwa mpangilio: kila mtu alijua linalia kwa nini. Kila mtaa wa pwani unahitaji mlio mmoja uliokubaliwa, usiotumika kwa harusi wala kwa mkutano, na watu wawili au watatu wenye jukumu la kuuanzisha bila kungoja barua. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa mpaka ngazi ya kijiji na mtaa. Kamati hizo zina mamlaka ya kukaa na kuamua jambo dogo namna hii.

Usiku ni shida ya peke yake. Mwaka 1854, nchini Japani, Hamaguchi Goryo wa kijiji cha Hiro aliwasha moto marundo ya mabua ya mpunga kilimani ili watu waliokuwa wakihangaika gizani baada ya tetemeko wajue pa kukimbilia. Umoja wa Mataifa umeifanya tarehe 5 Novemba kuwa siku ya uelewa kuhusu tsunami kwa kumbukumbu ya tukio lile. Umeme wetu ukikatika, mtoto aliyeamshwa usingizini atafuata nini? Taa ya sola juu ya kilima cha Singino, inayoonekana kutoka Kivinje, haina gharama ya kuishinda halmashauri.

Na Singino ndipo pa kupandia. Kivinje yenyewe imekaa chini, mbele yake mikoko na matope, lakini kilima kipo nyuma ya mji na hakihitaji gari. Lindi nayo, mji mkongwe uko chini kabisa karibu na maji, ila milima imeugusa mgongoni. Kanuni inayotumika sehemu nyingi ni kufika mwinuko wa mita 30 au, pasipokuwa na mwinuko, kuingia bara kilometa 3. Kwa Lindi chagua mwinuko. Usichukue gari: barabara zitaziba, na mwenye mguu mzuri akiacha gari anampa nafasi mzee. Wala usiiwaze Rondo saa hiyo. Rondo ni ya kesho yake.

Visiwani mambo ni magumu zaidi, na sitaki kuyapunguza. Songo Songo ni kisiwa cha chini, na watu wake wengi wanaishi karibu na maji. Kama kuna saa kadhaa, vyombo viwatoe watoto, wazee na wajawazito mapema, vikiongozwa na mpango uliokwisha kuandikwa. Kama hakuna muda, wakimbilie jengo imara la zege lenye ghorofa, na kama halipo, mahali palipoinuka kuliko pote, hata kama ni mita chache. Mikoko husaidia: hupunguza kasi ya maji na kuzuia magogo na vyombo visiwaponde watu. Haiwezi kusimamisha wimbi kubwa, lakini kijiji kilichokata mikoko yake kwa ajili ya kuni na chokaa kimejipunguzia dakika.

Mvuvi aliyeko baharini asikimbilie nyumbani. Hilo ni gumu kulisema kwa baba mwenye watoto ufukweni, ila ni kweli: bandari na ghuba ndiko wimbi linakoua vyombo, na kilindini linapita chini yake bila kumdhuru. Atafute kina cha zaidi ya mita 100, yaani zaidi ya pima 55. Katika pwani yetu ya kusini ukingo wa bahari ni mwembamba, maji marefu hayako mbali. Akae huko saa nyingi, kwa sababu mikondo mlangoni mwa ghuba itavuruga maji hata baada ya mawimbi makubwa kupita. Aliye na mashine na mafuta ya kutosha ana nafuu. Mwenye tanga aangalie upepo kabla ya kuamua.

Yote niliyosema yanahusu wimbi linalotoka mbali. Lipo linaloweza kutoka karibu. Tarehe 12 Agosti 2020 usiku, tetemeko la ukubwa wa karibu 6 lilipiga chini ya bahari, upande wa Mafia, na Dar es Salaam watu walitoka maghorofani mbio. Halikuleta tsunami. Lakini chini ya bahari hiyohiyo watafiti wamegundua mabaki ya poromoko kubwa la ardhi la zamani sana, la mamilioni ya miaka, waliloliita kwa jina la Mafia. Maporomoko ya namna hiyo ni nadra mno, ila yanakumbusha kwamba sakafu yetu nayo husogea. Kwa wimbi la karibu, TMA haitakuwa na saa nane. Itakuwa na dakika. Basi mtu wa pwani akihisi ardhi inatikisika kwa nguvu kiasi cha kushindwa kusimama, au inatikisika taratibu lakini kwa muda mrefu, zaidi ya sekunde 20, tetemeko lenyewe ndilo tangazo. Ajikinge mpaka litulie, kisha apande.

Vya kubeba ni vichache, na viwe vimefungwa tayari kwenye mfuko mmoja karibu na mlango: kitambulisho na kadi za kliniki ndani ya plastiki, dawa za anayetumia dawa kila siku, maji ya kunywa, tochi, redio ndogo ya betri, khanga mbili. Kama mfuko haupo karibu, uache.

Kosa linaloua wengi ni kurudi. Tsunami ni msururu wa mawimbi, na la pili au la tatu linaweza kuwa kubwa kuliko la kwanza, likaja baada ya nusu saa au zaidi. Watu hushuka wimbi la kwanza likishatoka, kutafuta ndugu, kuangalia duka, kuokota samaki. Aliyepanda akae juu mpaka serikali itangaze, hata kama ni mpaka kesho asubuhi, hata kama bahari imetulia machoni pake.

Hapo ndipo Rondo inaingia. Mwezi Mei 2024, wakati wa Kimbunga Hidaya, mvua zilibomoa barabara kuu eneo la Somanga, Kilwa, na kwa siku kadhaa Lindi na Mtwara zilikatwa na Dar es Salaam. Mabasi yalilala njiani. Kimbunga kile kilitufundisha jambo ambalo tsunami ingelirudia kwa ukali zaidi: msaada wa kwanza hautatoka Dar. Utatoka kwa walio juu. Visima vya mwambao vitaingia chumvi na uchafu wa vyoo, kipindupindu kitabisha hodi, na mji wote utatafuta maji safi na chakula. Rondo ina muhogo shambani, ina shule na makanisa yanayoweza kulaza watu, na ina ndugu. Nyumba nyingi za Lindi zina mjomba au shangazi kule. Undugu huu utafanya kazi wenyewe kwa siku mbili za mwanzo, jinsi unavyofanya kazi msibani. Wiki ya pili utachoka kama haukupangwa.

Kwa hiyo kamati ya maafa ya kijiji cha Rondo iitafute kamati ya mtaa wa Lindi ulio ufukweni, ikae nayo kabla ya masika, na iandike. Mtaa upi utapokelewa na kijiji kipi. Watoto waliopotezana na wazazi wataandikishwa shule gani, na nani atakaa na daftari. Maji yatachotwa wapi na yatachemshwa na nani. Na lipatikane jina la mwenye gari atakayeteremka kuchukua wagonjwa na waliojifungua, agizo lake likiwa wazi kwamba gari lisimame mlimani juu ya mji, lisiingie mitaa ya chini hata akiombwa vipi, pamoja na jina la mwenye gari wa pili, kama la kwanza litakuwa gereji siku hiyo.